Kwa mnaoanza kushika rekodi za kampuni kwenye programu ya mikataba

Timu ya mikataba ikipata watu wapya, makosa ni yale yale: kampuni mbili zinageuzwa moja, tawi linapewa hadhi ya kampuni, na mkataba wa miaka sita iliyopita unaanza kuonyesha jina ambalo halimo ndani yake. Wadogo zangu, tuelewane mapema.

1. Usiguse jina kwenye rekodi kabla ya kuangalia namba ya usajili.

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote. Inakuja barua pepe kutoka juu: "Kuanzia mwezi ujao, A itaitwa B." Mgeni anafungua rekodi ya A, anafuta jina, anaandika B, anahifadhi. Lakini barua ile inaweza kubeba mambo mawili tofauti kabisa. Omba cheti cha msajili, tazama namba. Ikiwa ni ile ile, kampuni ni ile ile: imebadili jina tu, haki na madeni yake yako palepale. Andika jina jipya, la zamani lipeleke kwenye majina ya awali pamoja na tarehe, ili anayelitafuta bado aipate kampuni, kisha ambatisha cheti.

Namba ikiwa tofauti, hiyo ni kampuni nyingine. Pengine A imeuzia B biashara yake. Ukibadilisha jina hapo, mikataba yote ya A inahamia kwa B ndani ya programu, ilhali kisheria haijahama. Mikataba mingi hukataza kuhamishwa bila ridhaa ya maandishi ya upande wa pili, na hakuna atakayekumbuka kuiomba, kwa sababu skrini inasema kila kitu ni cha B. Siku ya kusitisha mkataba, barua inatoka kwa jina la B. Upande wa pili unajibu kwamba haujawahi kuingia mkataba na B. Mkibishana, muda wa notisi unapita na mkataba unajihuisha mwaka mwingine. Kurekebisha ni kazi nzito: mikataba halisi ya B imeshachanganyika na ya A, na kumbukumbu za mabadiliko zinasema nani alibadilisha lini, hazisemi mkataba upi ni wa nani. Inabidi mtu afungue PDF moja baada ya nyingine, asome ukurasa wa saini.

Basi fungua rekodi mpya ya B, andika uhusiano wake na A, kisha hamisha mkataba mmoja mmoja kadiri hati ya kuuhamisha inavyopatikana. Ambao hati yake haijaja ubaki kwa A, hata uongozi ukiwa na haraka.

2. Rekodi haifutwi, inazimwa. Kampuni iliyofungwa itoke kwenye orodha ya kuchagua, ibaki kwenye mikataba yake ya zamani.

3. Tawi halina nafsi yake ya kisheria. Anayefungwa na mkataba ni kampuni yenye tawi. Liweke chini ya kampuni hiyo kama anwani. Jina la biashara nalo hivyo hivyo: halisaini chochote.

4. Ukipakia rekodi kutoka Excel, geuza kwanza safu ya namba za usajili iwe maandishi. La sivyo 00451278 inaingia kama 451278, programu inaiona kampuni mpya, na unazaa rekodi pacha. Kabla ya kuunganisha pacha, hakikisha inayobaki ndiyo yenye namba kamili. Kampuni ikiwa na LEI, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kampuni, ile ya herufi na tarakimu 20, iandike pia. Majina yanafanana kati ya nchi na nchi, LEI hazifanani.

5. Kila mwenye mamlaka ya kusaini awekewe tarehe ya kuanza, ya kumaliza na kiwango cha juu cha fedha.

6. Chunguza kiolezo, yaani hati ya mfano ambayo programu hutengenezea mikataba, kinavutaje jina. Kikilivuta kutoka kwenye rekodi kila hati inapofunguliwa, hata mkataba uliokwisha kusainiwa utaonyesha jina la leo. Hati igandishwe ikishasainiwa. Na kila mnapoongeza kampuni, tengenezeni mkataba wa majaribio, mkague sehemu tatu: utangulizi wa pande, anwani ya notisi, na kisanduku cha saini. Hapo kwenye saini ndipo jina la kampuni mama hujificha, limechapwa moja kwa moja ndani ya kiolezo badala ya kuvutwa kutoka kwenye rekodi, na hakuna rekodi itakayolibadilisha.