Unataka kuiachia jamii picha zako? Anza na daftari

Kamwene wadau. Tangu watu wasikie picha na vinyago vyangu nimeviacha kwa jamii hapa Iringa, maswali hayaishi, wengi ni walimu wenzangu wa sanaa, nyumba zimejaa kazi zao na za wanafunzi na watoto wao wameshasema wazi hawana pa kuziweka.

Kwanza daftari, asikwambie mtu. Kabla hujaongea na diwani wala mkuu wa shule, geuza kila picha nyuma uandike kwa penseli nani kachora, wapi, lini na wewe uliipataje. Maka peni usiguse, wino unapenya unatokea mbele. Mimi nina picha kadhaa za Tingatinga za zamani, zimechorwa kwenye hadibodi kwa rangi za kung'aa kama alivyokuwa anafanya mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, yule wa Tunduru aliyefariki 1972, sasa bila maelezo kijana wa Kihesa hapa mjini ataona tembo mwenye madoa basi, hatajua kama huyo mzee ni mtu wa kusini huku huku.

Halafu mahali. Shule moja walinipokea kwa chai na maandazi kabisa, nikaomba kuona chumba, kumbe stoo ya saruji na majembe, bati linavuja. Nikashukuru nikaondoka. Usiangalie cheo cha anayekupokea, angalia ukuta: siku ya mvua weka kiganja, kikitoka na majimaji achana napo, maana huku mvua zikianza Novemba ni mpaka Aprili na hadibodi inavimba kingo, rangi inabanduka. Mpingo unavumilia ila vinyago vya mti laini bungua wanavimaliza. Na picha za rangi za maji zikikaa dirishani jua linazifuta taratibu. Ukipata muda pita pale Boma mjini, lile jengo la Mjerumani ambalo sasa ni makumbusho, uone vitu vinavyopangwa.

Maandishi ndo watu wanaona aibu kudai, eti natoa sadaka nawekaje masharti, wewe weka tu! Wanaruhusiwa kuuza? Kuazimisha? Kituo kikifungwa vitu viende wapi? Na ukishampa mtu picha hujampa haki ya kuichapa kwenye kalenda na fulana, hakimiliki ni ya mchoraji, sheria yetu ya 1999 ipo, kwa hiyo zile kazi za wanafunzi watafute wenyewe uwaulize, wengine washakuwa na wajukuu lakini wanakumbuka kila mstari. Watoto wako nao wasaini ukiwa hai unawaona, la sivyo arobaini haijaisha mtu ashakuja na kirikuu kubeba.

Vyote usitoe lakini. Mimi kikapu changu cha nyasi za milulu na picha moja ya marehemu mke wangu nimebaki navyo, na hakuna aliyeniuliza kwanini.