Ile saa moja yenye miaka saba

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: katika filamu za anga za juu ambazo mimi na mama yako tumezitazama mwezi huu, kwa nini naiweka Interstellar mbele ya Gravity, ilhali wewe unaona Gravity ni fupi na safi, na Interstellar imejaa makosa na hotuba? Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayenong'ona, ukauliza kama ni kweli nililia. Mama yako hakukudanganya. Nililia.

Nianze na Gravity, usije ukadhani naidharau. Alfonso Cuarón aliitoa mwaka 2013, dakika 91, na sikuona hata moja iliyopotea. Kilichonishika ni ukimya. Mabaki ya setilaiti yanakivamia chombo, vyuma vinachanika na kutawanyika, na husikii mshindo wowote, kwa sababu huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Unasikia pumzi za Sandra Bullock ndani ya kofia yake, mtetemo anaposhika chuma, na muziki. Ni filamu ngapi tumezitazama ambamo mabomu yananguruma mahali pasipo na hewa? Na balaa lenyewe lina msingi: tangu 1978 Donald Kessler alieleza jinsi kipande kinavyoweza kugonga setilaiti, setilaiti ikazaa vipande, navyo vikagonga nyingine, hadi njia za angani zikachafuka kabisa. Kosa la filamu ni pale wanapotoka kwenye darubini ya angani ya Hubble kwenda kituo cha kimataifa cha angani kwa injini ya mgongoni. Vitu viwili hivyo havizunguki katika njia moja, wala kimo kimoja. Hilo nalisamehe.

Ila fanya jaribio hili ninalolifanya mimi. Mtoe yule mwanamke angani, umweke baharini amekumbatia ubao baada ya meli kuzama. Hadithi inabaki vilevile: mtu aliyekata tamaa anajifunza kutaka kuishi tena. The Martian nayo ndivyo. Mark Watney, mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi, ungeweza kumtupa kisiwani akalima viazi vyake huko. Naipenda sana, hasa anapokwenda kukifukua Pathfinder, kile chombo kilichotua Mirihi mwaka 1997, akakigeuza njia ya kuongea na Dunia. (Dhoruba ile ya mwanzo haiwezekani, hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya wa hewa yetu, upepo wa huko hauwezi kumwangusha mtu.) Na Dune zote mbili, ya 2021 na ya 2024, macho yalishiba, moyo ukabaki na njaa. Sina zaidi ya hapo.

Sasa ijaribu Interstellar. Ihamishe uipeleke popote. Haihamiki.

Cooper ni rubani anayewaacha watoto wake duniani kwenda kutafuta sayari nyingine ya watu kuishi. Rudi kwenye ile sayari ya maji anakotua na wenzake. Iko karibu sana na shimo jeusi, kitu chenye uvutano mkubwa hata mwanga hautoki, na nguvu ya uvutano inapokuwa kubwa kiasi hicho, muda huenda polepole. Saa moja pale ni miaka saba duniani. Nilipiga hesabu kwenye karatasi: dakika moja ni zaidi ya siku 42. Kwa hiyo wimbi linapokuja, na injini zinapojaa maji, na Cooper anapoambiwa wasubiri zikauke, mimi sikuwa naogopa maji. Nilikuwa nahesabu siku za kuzaliwa za binti yake. Wanarudi chomboni, mwenzao waliyemwacha ana mvi, anawaambia imepita miaka 23.

Halafu anakaa kwenye kiti, anafungua jumbe. Mwanawe wa kiume kamaliza shule. Kaoa. Kapata mtoto, na mtoto huyo kafa. Yote hayo yanapita usoni pa baba mmoja kwa dakika chache, na Matthew McConaughey, anayemwigiza Cooper, hafanyi lolote zaidi ya kutazama skrini na kuvunjika taratibu. Ndipo anatokea binti yake Murph, aliyekataa kuongea naye miaka yote, anasema leo amefikisha umri aliokuwa nao baba yake siku alipoondoka.

Mwanangu, hakuna mvua, vita wala gereza linaloweza kufanya hivyo. Baba na binti wa umri mmoja! Ni kanuni ya fizikia imewafikisha pale, na kanuni yenyewe ni ya kweli. Saa zilizo ndani ya setilaiti za GPS, zile zinazoionyesha simu yako ilipo, zinaitangulia saa yako ya mkononi kwa takribani sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na zisiporekebishwa, simu yako itakupoteza njia. Kilichomliza Cooper ndicho kinachorekebishwa kila unapotafuta mtaa usioujua.

Makosa ya filamu hiyo nayajua, na mengine nakubaliana nawe. Muziki unameza maneno. Ile hotuba ya mapenzi kuwa nguvu inayovuka muda, ningeikata bila huruma, kwa sababu tendo lilishasema. Lakini usiseme hawakujali sayansi. Mshauri wao alikuwa Kip Thorne, mwanafizikia aliyekuja kupata Nobel mwaka 2017, na lile shimo jeusi walilichora kwa milinganyo yake. Picha ya kwanza ya shimo jeusi la kweli ilitoka Aprili 2019, zaidi ya miaka minne baada ya filamu. Itazame tena: giza katikati, pete ya mwanga pembeni. Nilisimama nikaisogelea skrini.

Nawe unajua kwa nini iliniuma mimi. Ulipokuwa na miaka sita niliondoka kikazi nikakaa miezi minane. Nilikuacha na pengo la meno mawili ya mbele. Niliporudi ulinifungulia mlango wewe mwenyewe, ukasema "Shikamoo baba", na kile kitembe chako hakikuwepo tena. Meno yalikuwa yameota, yamejaa, na mimi sikuyaona yakichomoza. Niliitika, nikaingia chumbani kuvua viatu, nikakaa huko muda mrefu.

Tuliyoitazama mwisho ni Arrival, ya Denis Villeneuve, ya 2016. Nayo haihamiki. Mwanaisimu Louise, aliyeitwa kujifunza lugha ya wageni waliotua kutoka anga za juu, anaelezea ubaoni kwa nini hawezi kuwauliza tu wamefuata nini: lazima kwanza wajue swali ni nini, na wajue kama anamuuliza mmoja wao au wote. Kiingereza chake kinamsumbua hapo. Sisi tuna "wewe" na "ninyi", tungekuwa tumeshavuka hatua hiyo. Na dunia nzima inapotaka kupigana kwa sababu ya neno moja ambalo huenda ni silaha, huenda ni zana, mama yako alisema panga ni vyote viwili, inategemea aliyelishika. Nikasimamisha filamu tukalizungumza hilo.

Lakini kuhusu Louise tumegombana siku mbili. Lugha ya wale wageni inamfanya auone muda wote kwa pamoja, anajua binti yake atakufa angali mdogo, na bado anakubali kumzaa. Mama yako anasema hapo hana tatizo. Tatizo ni kwamba hakumwambia mumewe kabla, alimwambia baadaye, mume akashindwa kubeba, akaondoka. Mimi nasema angemwambia mapema, mtoto asingezaliwa, na Louise alilijua hilo. Mama yako anasema hiyo ndiyo maana halisi ya kumnyima mtu haki ya kuchagua. Wewe umeitazama. Uko upande wa nani?

Baba yako