Nguo za Primark, Begi la Kilo 23 na Oda za Ndugu

Wiki hii msomaji mmoja wa Arusha kaniandikia: "Shikamoo dada, nakwenda Uingereza Novemba. Hela ni kidogo na familia ni kubwa. Ninunue nguo wapi?" Marahaba mdogo wangu. Nenda Primark, maduka ya nguo za bei nafuu, lakini nisikilize kwanza, maana kazi kubwa unaifanya kabla hujatoka nyumbani.

Sisi wa Moshi Primark tunaijua hata kabla ya kupanda ndege. Zile blauzi zenye lebo ya Atmosphere tunazogombania pale soko la mitumba la Memorial belo likifunguliwa zilitoka kwao. Duka lao la kwanza lilifunguliwa Dublin mwaka 1969, na Ireland mpaka leo wanaliita Penneys. Mzigo hawakuletei nyumbani. Hata mkazi wa London akiagiza kwa intaneti anaufuata mwenyewe dukani. Ndiyo maana ukitamka tu kwamba unasafiri, simu inaanza kuita.

Mimi nilinunua Birmingham, kwenye duka lililofunguliwa Aprili 2019 likiwa kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo. Niliingia asubuhi, siku ya kazi, nikiwa na futikamba na daftari la vipimo: kifua, kiuno na nyonga kwa wakubwa, urefu wa sentimita kwa watoto. Lebo za watoto kule zinaandikwa umri na urefu. Miaka 7 hadi 8 ni sentimita 128, na mtoto wako anaweza kuwa na miaka 7 lakini ameshaipita hiyo. Fuata urefu. Katika nguo zote za watoto nilizoleta, hakuna hata moja iliyobana, na hilo najivunia mpaka leo. Mtu mzima akikuambia anavaa 40, muulize ya wapi: 12 ya Uingereza ndiyo 40 ya Ulaya na 8 ya Marekani.

Nguo za watoto hazina kodi ya VAT Uingereza, za wakubwa zina asilimia 20 ndani ya bei. Kwa hiyo anza na watoto. Usihangaike uwanja wa ndege kudai kodi irudishwe. Kwa bidhaa unazobeba mwenyewe, utaratibu huo uliondolewa London, Birmingham na miji mingine ya huko tangu 2021.

Sasa oda. Wifi yangu aliniagiza gauni na jaketi, akasema tutamalizana nikirudi. Nilizunguka ghorofa kwa ghorofa kutafuta rangi aliyoitaka, nikatoa viatu vyangu kwenye begi ili jaketi lake lienee. Nilipomkabidhi, mbele ya wageni, akaligeuza geuza na kusema, "Si haya haya ya Memorial?" Akalichukua, na hela sijaiona. Iliniuma, na bado inauma, kwa sababu nilimpa nafasi ya kilo zangu kwa upendo.

Kwa hiyo nakwambia, na wewe unayesoma nakwambia: oda bila hela mkononi usiipokee. Awe shangazi, awe jirani, awe mtu wa jumuiya yenu. Vipimo na hela vije pamoja. Anayeona aibu kutoa hela mapema hakuonei aibu wewe unapobeba mzigo wake. Tumezoeshwa kwamba aliyesafiri ana deni kwa kila mtu, na tabia hiyo tuiache.

Begi la kilo 23 linajazwa haraka na jinzi, taulo na viatu. Chukua chupi, fulana na pajama za watoto. Soma lebo ya ndani: kwa jua letu na kufua kwa mikono, tafuta pamba asilimia 100, poliesta iache hukohuko. Ukibahatika kuwa kule Januari, nguo za baridi zinashushwa bei, na jaketi hilohilo litakufaa kwenye baridi ya Kibosho au Machame Julai. Risiti zote zitunze, na usibebe nguo ya aina moja kwa wingi. Pale uwanja wa ndege wa KIA itaonekana ni biashara, nayo inatozwa ushuru.

Ukienda Novemba, utarudi Krismasi ikikaribia, watu wanapanda nyumbani, kila mmoja anasubiri kitu. Wale wa "niletee chochote" wanunulie soksi za pakiti: ni nyepesi na hazihitaji vipimo vya futikamba.