Ukiingia naiti, linda mchana wako

Nina miaka 11 kwenye uuguzi, na 7 kati ya hiyo nimeimalizia leba, yaani wodi ya kujifungulia, nyingi zikiwa zamu za usiku. Wadogo zangu wanaoripoti kazini wakitoka vyuoni huniuliza swali lilelile: "Dada, naiti unaziwezaje?" Wanadhani nina dawa ya kutosinzia. Sina. Na kilichowahi kunifikisha hatua ya kuandika barua ya kuacha kazi hakikuwa usiku, kilikuwa mchana.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga chumba kimoja Mbagala, Dar es Salaam, paa la bati, ukuta mmoja na jirani. Natoka zamu saa 2 asubuhi, nikipambana na foleni nafika saa 3 na nusu, na mtaa ndiyo kwanza umechangamka. Redio ya fundi cherehani, watoto, muuza samaki anayeita kona hadi kona. Ikifika saa 5 bati limeshika moto, na siku hiyo umeme nao umekatika. Yote hayo niliyazoea. Watu ndio walionishinda. Kwa ndugu zangu, mtu aliyeko nyumbani mchana hana shughuli. "Si upo tu hapo?" Basi nimpeleke mtoto wa dada kliniki, nikapokee mzigo stendi, saa 9 nihudhurie kikao cha harusi. Nikawa nakwenda. Ukimwambia shangazi saa 7 mchana kwamba umelala, anaona umemdharau.

Kikao kimojawapo cha harusi nakikumbuka mpaka leo. Nilikuwa naingia usiku wa nne mfululizo, na mchana ule nilipata usingizi wa saa moja na nusu tu. Kwenye saa 10 alfajiri nikapita kuwapima presha kina mama waliojifungua. Kitanda cha 6 ilisoma 110/70. Kitanda cha 9 ilisoma 150/100, iko juu. Nikaingiza kila moja kwenye faili la mwenzake. Kwenye karatasi, mama wa kitanda cha 9 akawa mzima kabisa.

Aliyegundua ni mwenzangu wa zamu, saa moja baadaye. Alimkuta yule mama amejishika kichwa, anasema anaona ukungu. Akampima upya, akafungua faili, akanitazama. Daktari akaitwa, dripu ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ikaanzwa, na Mungu akasaidia: mama hakupata degedege, akaruhusiwa na mtoto wake mkononi. Lakini sote tunajua kifafa cha mimba hakingoji ujauzito tu, kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Kosa lilikuwa langu, na sijalisahau. Nililia kwenye chumba cha dawa mpaka kukakucha.

Kuanzia siku ile nikaamua kwamba usingizi wangu wa mchana ni sehemu ya kazi, sawa na kunawa mikono. Hili ndilo ningetaka muuguzi mgeni alishike kabla ya lingine lolote. Unayelala vibaya mchana unamdhulumu mgonjwa wa usiku, hata uwe na moyo mzuri kiasi gani.

Kuwaambia ndugu ndipo penye ugumu. Mimi sikuwaambia mwenyewe, maana ningeonekana nimekuwa mkubwa. Nilikwenda kwa mama, nikamweleza kila kitu, pamoja na ile habari ya kitanda cha 9. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mlinzi akikesha kwa tajiri, asubuhi tunamwacha alale. Wewe umekesha na roho za watu." Yeye ndiye aliyezunguka kwa shangazi na kwa dada. Neno lake likapokelewa pale ambapo langu lingezua maneno. Kama una mtu mzima anayeheshimika kwenu, mtumie. Halafu lipa deni lako siku ya ofu: nenda msibani, nenda kwenye kikao, chukua zamu ya kupika. Watu wanakuvumilia wakiona na wewe unawajali.

Mengine ni ya utaratibu. Nikitoka getini asubuhi navaa miwani ya jua, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kwamba siku imeanza. Sipiti sokoni. Nikifika naoga, nanywa uji, nazima simu. Dirishani nimetundika kitenge kizito cheusi mara mbili. Nikikosa usingizi wa saa 6 mfululizo, nalala kwa muda wa saa 4 asubuhi, kisha saa 2 nyingine jioni kabla ya kuondoka. Siku ya kuingia usiku wa kwanza silali usiku wa jana yake tu nikadhani inatosha. Najilaza tena alasiri hata kama sina usingizi. Chakula kizito nakula nyumbani kabla ya kuja. Ukishindilia wali na maharage saa 7 usiku, saa 9 utakuwa unaongea na mgonjwa huku kichwa kinaanguka. Kazini nakula matunda, yai, karanga. Chai ya rangi ya mwisho ni saa 8 usiku, kwa sababu kafeini inakaa mwilini saa nyingi na itakusubiri kitandani.

Sasa nirudi kwenye ile saa 10 alfajiri. Mwili una saa yake, na kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri joto la mwili linashuka kabisa, akili inakuwa nzito hata kama ulilala vizuri. Usishindane nayo. Jipange nayo. Wodini kwetu mimi na mwenzangu tulikubaliana: dawa yoyote ya sindano muda huo inasomwa kwa sauti na watu wawili, jina la mgonjwa kwanza, kisha dawa, kisha dozi. Presha inaandikwa palepale kitandani, faili likiwa mkononi, wala haibebwi kichwani hadi mezani. Na sindano iliyotumika haifunikwi tena kifuniko chake, inakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usalama. Ukijichoma, usione aibu na usingoje ofu yako: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na unazitumia siku 28.

Wakiniuliza pia kama nimeridhika na kazi hii, jibu langu ni ndiyo, na sababu yake nimeipata usiku. Mchana leba ina kelele: wanafunzi, raundi ya madaktari, ndugu mlangoni, chuma kinagongana. Usiku, saa 8 hivi, unainama na kile kifaa cha mti chenye umbo la tarumbeta, cha kusikilizia moyo wa mtoto, unakikandamiza kwenye tumbo la mama, sikio lako upande mwingine, mkono umeuachia ili usikie vizuri. Mwanzoni husikii kitu. Kisha mapigo yanakuja, mbali, haraka haraka, kama mtu anayetembea na ndala kwenye sakafu ya chumba cha pili. Unatazama saa, unahesabu dakika nzima. 138. Mama anakutazama usoni, hapumui. Unamwambia, "Mtoto yuko vizuri, mama." Mabega yanashuka. Kwenye partografu, chati ya kufuatilia uchungu, natia nukta moja tu, lakini uso wa yule mama naondoka nao nyumbani.

Usiku pia wagonjwa wanasema yale ambayo mchana wanayameza. Nimeambiwa na binti wa miaka 18 kwamba aliyempa mimba amekimbia, na bibi aliyemsindikiza mjukuu wake akanisimulia alivyojifungua mwenyewe shambani. Sikuwa na dawa ya hayo. Nilikuwa na nafasi ya kukaa dakika 10 ukingoni mwa kitanda, ambayo mchana hakuna anayekuwa nayo.

Kuna mambo siyakubali, na nayasema. Rosta ya usiku 7 mfululizo si sawa. Usiku 3 au 4, kisha mapumziko ya kweli, ndiyo rosta ya binadamu. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likarudia hukumu hiyo. Sisemi hivyo kumtisha mtu. Nasema ili inchaji, muuguzi kiongozi wa wodi, anayepanga majina ajue anapanga afya za watu. Wauguzi wa hospitali binafsi Tanzania Bara wasome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na mjamzito hapangiwi usiku miezi 2 kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi haikuwa ikilipa nyongeza hiyo. Tuliuliza kwa maandishi, watu 9 tukiwa tumesaini, na ikaanza kulipwa. Nenda kwa pamoja, na nenda na karatasi.

Ukiona miezi inapita na hata siku za ofu hulali, unagombana na watoto bila sababu, au unasinzia juu ya bodaboda asubuhi, omba kubadilishiwa zamu. Mimi niliomba mwaka mmoja baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nikakaa kliniki ya mchana miezi 14, kisha nikarudi leba kwa kutaka mwenyewe.

Nimeshahama Mbagala, ila muuza samaki bado ninaye, wa mtaa mwingine. Akifika mbele ya geti letu huwa anashusha sauti. Jirani yangu ndiye aliyemwambia, sikumtuma. Jioni nikiamka nakuta jirani ameniwekea vibua viwili kwake, nalipa, nakaanga, naoga, naondoka.