Tuulize: Pesa za kutangaza eneo la viwanda "lisilo na taka"

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni diwani, nimo kwenye kamati ya fedha. Wataalamu wetu wameleta ombi la fedha za kutangaza eneo jipya la viwanda ambalo, kwa maelezo yao, halitatoa taka hata kidogo, kwa kuwa mabaki ya kiwanda kimoja yatakuwa malighafi ya jirani yake. Fungu lote limegawanywa kwenye video, nembo, tovuti, mabango na safari za maonyesho nje ya nchi. Hadi sasa eneo lina kiwanda cha karatasi na karakana ya kuyeyusha alumini. Viwanja vingine vyote ni vitupu. Wenzangu wanasema biashara ni matangazo. Nipitishe au nikatae?
– Diwani, jina limehifadhiwa

JIBU: Marahaba, mheshimiwa. Usilikatae ombi, lakini lisipite kama lilivyo. Lirudishe kwa wataalamu na swali moja: hiyo video itaonyesha nini? Viwanja vitupu, na viwanda viwili ambavyo sidhani kama vimewahi kuuziana kitu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa nasimamia mabaki kiwandani, kazi ambayo hakuna aliyenionea wivu. Waliokuja kutaka mabaki yetu waliuliza mambo yale yale: yanatoka kiasi gani kwa wiki, yana nini ndani yake, na mkisimamisha mitambo mimi nitashika wapi? Mwekezaji anayefikiria kujenga jirani na kiwanda chenu cha karatasi atauliza hayo hayo. Nembo haimjibu hata moja.

Anzeni na hao wawili mlio nao. Kiwanda cha karatasi hutoa tope la nyuzinyuzi zilizofupika mno kurudi kuwa karatasi, pamoja na maji mengi ya vuguvugu. Tope hilo lina wateja: wachoma matofali, viwanda vya saruji, hata wafugaji wanaolitandaza bandani likishakauka. Karakana ya alumini nayo ina joto linalopotelea kwenye dohani, na ina ule ukoko wa kijivu unaoenguliwa juu ya alumini iliyoyeyuka. Joto la huyu linaweza kukausha tope la yule, na hapo ndipo ningeanzia mimi. Ukoko, kwa upande mwingine, msiukutanishe kabisa na maji ya jirani: ukilowa hutoa amonia inayokaba koo, na hata hidrojeni, ambayo huwaka na kulipuka. Kwa hiyo ujirani peke yake hautoshi. Lazima awepo mtu wa kukaa na pande zote mbili, vipimo vya maabara mkononi. Mtu huyo hayumo kwenye ombi mlilopewa, na mshahara wake wa mwaka sidhani kama ungefikia gharama ya zile safari za maonyesho.

Watetezi wa ombi hakika watawatajia Kalundborg, mji wa Denmark ambao hakuna mhubiri wa mambo haya anayeuacha. Nanyi watajieni historia yake. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kilihitaji maji, na maji ya ardhini yalikuwa haba, yakavutwa kutoka Ziwa Tissø. Manispaa ilibeba jukumu la kujenga bomba, kiwanda kikagharamia. Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jasi, zile bapa za plasta za dari na kuta, kikaanza kuchoma gesi ya ziada ya hicho kiwanda cha mafuta. Baadaye mtambo wa umeme wa Asnæs ukawauzia mvuke majirani, na kuanzia 1993 jasi iliyotokana na kusafisha moshi wake ikaenda kwa hao watengeneza mbao za jasi. Kila muunganisho ulikuwa mkataba wa watu wawili waliopiga hesabu wakaona faida. Jina la kupendeza la mfumo mzima lilibandikwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mabomba mengi yakiwa yameshafukiwa zamani.

Marekani ya miaka ya 1990 walianzia upande wa pili. Baraza la Rais la maendeleo endelevu lilichagua maeneo ya mfano, na Cape Charles katika jimbo la Virginia likawa mojawapo. Fedha za umma zikatangulia, jengo likasimama, sifa zikavuma. Wapangaji wa kubadilishana mabaki hawakuja kama ilivyotarajiwa.

Kama mnataka mfano wa serikali kutumia pesa vizuri, tazameni Uingereza mwaka 2005. Mpango wao wa kitaifa uliwalipa waratibu. Wenye viwanda waliitwa kwenye warsha, kila mmoja akaandika alichonacho na anachokihitaji, kisha waratibu wakafuatilia waliolingana mpaka mkataba usainiwe. Kwangu mimi, hayo ndiyo matangazo ya biashara hii. Mwenye kiwanda humsikiliza mwenye kiwanda mwenzake.

Halafu hiyo ahadi ya kutotoa taka hata kidogo. Muungano wa kimataifa unaoshughulikia jambo hili, Zero Waste International Alliance, huzitaka biashara ziepushe angalau asilimia 90 ya mabaki yao yasiende jaani wala kwenye tanuri la kuchomea. Kuchoma hakuhesabiwi. Nakumbuka kampuni moja iliyokuwa inapakia mabaki usiku kwenda kuchomwa, na mchana bango la getini linajisifia sifuri. Msipoweka mizani getini na daftari la kila lori linaloingia na kutoka, tangazo lenu litakuwa ahadi msiyoweza kuithibitisha, na siku mwandishi wa habari akiifukua, atakayeulizwa ni halmashauri. Wakala wa matangazo atakuwa ameshalipwa.

Kuna kitu kingine ambacho halmashauri inacho na wakala hana: ardhi na uwezo wa kurahisisha vibali. Mvuke haupendi safari ndefu. Kila mita ya bomba inakula joto. Kwa hiyo viwanja vya jirani na karakana msimpe wa kwanza kubisha hodi, vitengeni kwa anayehitaji joto. Na kuhusu vibali, kaulizeni mapema: tope la karatasi likivuka uzio linahesabika taka au bidhaa? Likiwa taka, huenda mnunuzi akahitaji leseni ya kulisafirisha na kulihifadhi, na wengi hukata tamaa hapo. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, ukaweka kwenye sheria yake ya taka ya 2008 masharti ambayo mabaki yakiyatimiza huhesabiwa kuwa zao la ziada, si taka.

Kikaoni, pendekeza fedha zitoke kwa awamu. Ya kwanza imlipe mratibu, vipimo vya maabara na mizani. Ya pili, ya matangazo, ifunguliwe siku mkataba wa kwanza kati ya wapangaji wawili utakapowasilishwa mezani, na malipo ya wakala yafungwe kwenye idadi ya wawekezaji waliokuja na mahitaji ya mabaki yanayotajwa kwa tani. Wakisema wakala hatakubali masharti hayo, basi naye ameshawajibu.

SWALI: Mzee, nina karakana ya mbao. Nimealikwa kuhamia eneo la namna hiyo ili jirani achukue pumba zangu za msumeno kwa miaka kumi. Nisaini?
– Fundi seremala

JIBU: Fundi, miaka kumi usisaini bila kipengele cha mabadiliko. Mtambo wa Asnæs niliomtajia diwani uliacha makaa ya mawe mwaka 2019 ukahamia vipande vya mbao. Moshi wa makaa ukiisha, na jasi yake imeisha. Wewe nawe kesho unaweza kununua mashine inayotoa pumba kidogo, na usitozwe faini kwa kuwa umeacha kupoteza mbao. Ahidi kumpa kinachopatikana, usiahidi kiasi. Na mbao zilizotiwa dawa pumba zake zitengwe tangu kwenye msumeno, kwa sababu zikichanganyika jirani atakurudishia lori zima.