Maswali yenu: nyumba ya dola 7,990

Makala ya mwezi uliopita kuhusu neema iliyoishukia Marekani baada ya Vita ya Pili ya Dunia kwisha mwaka 1945 imeleta maswali mengi kuliko nilivyotazamia. Nimechagua matano. Walioniuliza kuhusu Vita Baridi wanivumilie, ile ni mada ya siku yake.

Mwalimu, shikamoo. Kwa kawaida vita humwacha mtu na njaa. Iweje Marekani itoke vitani imenenepa? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Kwanza, mabomu hayakuangukia Detroit wala Pittsburgh, miji yake ya viwanda. Wakati viwanda vya Ujerumani na Japani ni vifusi, vya Marekani vilikuwa vimepanuliwa kwa fedha za serikali.

Lakini kuna jambo ambalo watu hulisahau. Wakati wa vita mfanyakazi alilipwa vizuri, tena na ovataimu, ila hakuwa na cha kununua. Tangu Februari 1942 viwanda vya magari viliacha kutengeneza magari ya raia, vikageukia vifaru, ndege na injini zake. Sukari na petroli vilitolewa kwa mgawo. Basi pesa zikalala benki na kwenye hatifungani za vita, yaani fedha ambazo raia waliikopesha serikali, na amani ilipokuja zikaamka zote siku moja. Kila mtu alitaka friji, kila mtu alitaka gari.

Ongeza vyama vya wafanyakazi. Katikati ya miaka ya 1950, karibu mfanyakazi mmoja kati ya watatu alikuwa mwanachama, na mwajiri hakuweza kula faida peke yake.

Kwenye filamu za zamani kila nyumba inafanana na ya jirani, nyasi mbele, gari pembeni. Waliishi hivyo kweli au ni sinema tu? (Msomaji, Mombasa)

Waliishi hivyo, na mahali pa kwanza pa kupatazama ni Levittown, katika kisiwa cha Long Island karibu na jiji la New York. Palikuwa mashamba ya viazi. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilianza kujenga, na kufikia 1951 palikuwa na nyumba zaidi ya 17,000.

Ujanja wao ulikuwa kuugeuza utaratibu wa kiwanda. Kwa Ford gari lilipita mbele ya fundi. Kwa Levitt fundi ndiye aliyepita mbele ya nyumba. Kundi moja linamwaga zege la msingi na kuondoka, jingine linakuja kupigilia mbao, jingine linapaka rangi, kiwanja hadi kiwanja. Nyumba za kwanza zilikuwa na vyumba viwili vya kulala na nafasi ya juu, chini ya paa, ambayo mwenyewe ungeimalizia baadaye watoto wakizidi. Na watoto walizidi kweli: kati ya 1946 na 1964 walizaliwa zaidi ya milioni 70 nchi nzima.

Mwaka 1949 nyumba mpya hapo iliuzwa dola 7,990, nawe ukalipa karibu dola 60 kwa mwezi. Askari aliyerudi vitani aliweza kuingia bila malipo makubwa ya mwanzo, kwa sababu sheria ya 1944 iitwayo GI Bill iliidhamini mikopo yao. Sheria hiyohiyo iliwalipia mamilioni vyuo na mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo anayekwambia utajiri ule ulitokana na jasho la mtu binafsi tu, muulize dhamana ya benki iliandikwa na nani.

Masharti nayo hayakukosekana. Uzio marufuku, nyasi zikatwe kila wiki, na mwisho wa wiki usianike nguo nje. Sijui mama zetu wangekubali lipi kati ya hayo.

Na watu weusi? Nao walipigana vita ileile. (Msomaji, Kigoma)

Swali lako ndilo lingekuwa la kwanza kama ningefuata uzito.

Mkataba wa mwanzo wa Levittown ulisema wazi kwamba nyumba isikaliwe na asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti ya namna hiyo. Maneno yakaondolewa, kampuni ikaendelea kutowauzia weusi.

GI Bill yenyewe haikutaja rangi popote. Shida ilikuwa kwenye utendaji: serikali ilidhamini, lakini anayetoa mkopo ni benki ya mjini kwenu, na meneja wake akimtazama mteja mweusi, dhamana inabaki karatasi. Hesabu ya jimbo la Mississippi mwaka 1947 inatosha. Kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa askari waliorudi, weusi walipata miwili.

Levittown ya pili ilijengwa Pennsylvania. Agosti 1957 William na Daisy Myers, familia ya kwanza ya weusi, walihamia humo. William mwenyewe alikuwa amelitumikia jeshi. Walikutana na umati wa mamia uliorusha mawe usiku baada ya usiku, hadi polisi wa jimbo wakaletwa. Hawakuhama.

Nyumba ile ya dola 7,990 ilipanda bei mwaka hadi mwaka. Mwenye nayo alisomeshea watoto, akawarithisha. Aliyenyimwa aliendelea kulipa kodi ya pango.

Hamburger ilitokea wapi kwenye habari hii? (Msomaji, Nairobi)

Barabarani. Ndugu wawili wa McDonald, huko San Bernardino, California, walifunga mgahawa wao mwaka 1948, wakaondoa sahani na wahudumu, wakapunguza orodha ya vyakula hadi vichache, wakafungua tena wakiuza hamburger kwa senti 15. Mwaka 1956 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya barabara kuu, zaidi ya kilomita 65,000, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Ukishakuwa na gari, barabara na watoto wanaolia njaa nyuma, mengine hayahitaji maelezo.

Mzee mmoja wa kwetu alikwenda kusoma Marekani mwaka 1959. Aliikuta neema hiyo? (Msomaji, Kisumu)

Huenda ni mmoja wa wale 81 waliofika New York Septemba ya mwaka huo kwa ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Neema waliikuta. Wakati huo karibu nyumba tisa kati ya kumi zilikuwa na televisheni. Mwaka 1950 haikufika hata moja kati ya kumi.

Tarehe 1 Februari 1960, wale 81 wakiwa bado kwenye mwaka wao wa kwanza, wanafunzi wanne weusi waliingia dukani Woolworth mjini Greensboro, North Carolina. Walinunua vitu vidogo, wakapewa risiti bila shida. Kisha wakakaa kwenye kaunta ya chakula ya duka lilelile, iliyokuwa ya wazungu tu, na kuagiza kahawa. Wakaambiwa hapa hatuwahudumii. Walikaa mpaka duka likafungwa, na kesho yake wakarudi wakiwa wengi zaidi.