Namba zilisema watoro, Mwaloni wakasema ni giza

Rasimu yangu ya kwanza ya tasnifu ilirudi na sentensi moja ya msimamizi, kwa kalamu nyekundu: "Hizi ni tasnifu mbili zilizobanwa kwa pini moja." Niliumia, maana nilikuwa nimejaza kila kitu. Sura ya nne majedwali, sura ya tano maneno ya wanafunzi, ya sita nikaandika kwamba matokeo ya pande zote mbili "yanashabihiana". Ukweli ni kwamba pande hizo hazikuwahi hata kusalimiana.

Nilikuwa nachunguza ushiriki wa wanafunzi wa kozi moja ya mtandaoni hapa Mwanza. Kozi iko kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, na Moodle hutunza kumbukumbu za kila anayebofya: nani, lini, ukurasa upi. Nikachora grafu ya wiki hadi wiki. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Penye mashimo nikaandika "motisha hupungua", nikaendelea na mengine. Motisha ni neno zuri sana la kufunikia usichokielewa.

Msimamizi aliponirudisha nyuma, nilibadilisha jambo moja tu. Mara ya kwanza nilihoji yeyote aliyekuwa na nafasi. Safari hii nikaiacha grafu ichague: nikawatafuta wale ambao mistari yao ilizama kuliko wengine. Mmoja wao ni mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nilimkuta anashona mdomo wa gunia. Sikumuuliza "changamoto zako ni zipi", swali ambalo kila Mtanzania ana jibu lake mfukoni. Nilimfungulia grafu yake kwenye simu. Akafuta mikono kwa kanga, akatazama, akacheka.

"Mwalimu, hapa si ni giza? Giza likiingia mzigo unashuka, darasa naliona saa ngapi? Subiri mbalamwezi, utaniona."

Kwa msomaji wa mbali na ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa kuwavuta na taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti vizuri, wavuvi wanapumzika; usiku usio na mwezi, yaani giza, ndio wa kazi. Kalenda ya mwalo, yaani mahali pa kushushia samaki, basi ni ya siku 29 au 30 na haijui semista ni nini.

Wengi wetu tungeishia hapo. Nukuu imenoga, unaiweka kwenye sura ya tano na wajumbe wa jopo wanatabasamu. Lakini mama mmoja amenipa dhana tu, na dhana inarudishwa kwenye namba ikapimwe. Nilitaka kuzipanga siku za giza juu ya grafu, kisha niwatenganishe wanaoishi kwa biashara ya mwalo na wale wa mjini. Nikakwama. Hojaji yangu ilikuwa imeuliza kazi ya kila mtu, ila haikuwa na jina wala namba. Nilijiona muungwana kwa kulinda siri zao. Kumbe nilijifungia mlango wa kuziunganisha hojaji na kumbukumbu za Moodle. Nikarudia zoezi zima, wiki kadhaa zikaliwa.

Kwa hiyo, kabla hujachapa hojaji ya kwanza, mpe kila mshiriki namba ya siri, na orodha ya kulinganisha namba na majina uihifadhi mbali na data. Omba ridhaa ya kuunganisha hivyo vyanzo viwili kwa maneno yanayoeleweka, siyo kwa kumwambia tu "saini hapa". Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mbofyo wa mtu ni taarifa yake.

Zilipounganishwa, mawimbi ya giza yalibaki kwa watu wa mwalo. Wa mjini walikuwa na mashimo yao, yameangukia kwingine, na mpaka leo sijayapatia maelezo ya kuniridhisha. Nimeyaandika hivyohivyo.

Kuna mtego mwingine uliokaribia kuniaibisha. Kijana mmoja aliniambia anasoma saa nane usiku, bando la usiku likiwa nafuu. Kumbukumbu zikasema saa 23:00, tena tarehe ya jana yake. Nikamwona mwongo. Baadaye nikagundua seva ilikuwa imewekwa saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa 3. Na saa nane yetu ya usiku ni 2:00 kwa saa za kompyuta. Toa 3, unaipata 23:00 ya jana. Alikuwa anasema kweli tupu.

Pia usichunguze elimu ya mtandaoni kwa hojaji ya mtandaoni peke yake. Asiye na bando hatakujibu, na huenda huyo ndiye uliyemtafuta. Mimi nilibeba karatasi hadi Kirumba. Na kama wewe ndiye mwalimu wao, mpe mwingine azigawe. Kwenye hojaji zangu za kwanza karibu kila mtu alitia tiki "nakubali kabisa", hadi kwenye sentensi mbili zinazopingana. Kipimo hicho cha kuchagua kati ya "nakubali kabisa" na "sikubali kabisa", kiitwacho cha Likert, kipo tangu 1932 na hakijapata dawa ya heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Muda nao, bajeti vizuri. Saa moja ya mazungumzo ilinila karibu siku nzima kuiandika, hasa pale Kiswahili kilipoingiliwa na Kisukuma katikati ya sentensi.

Nilipomaliza nilirudi Mwaloni na grafu mpya, yenye vivuli vyeusi vya usiku wa giza. Mama akaitazama kwa utulivu, akaweka kidole mwishoni, mahali pasipo na mstari bado.

"Sasa mtihani wa mwezi ujao mmeuweka wapi?"

Nikafungua kalenda ya chuo. Ulikuwa katikati ya giza.